Tumbo lilinifunga Mtwara: IBS, salfa ya korosho na maziwa niliyodhani ni dawa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa maporini.

Leo naleta habari ya tumbo langu. Nitaieleza kama ilivyokuwa, na sehemu za aibu sitaziruka, maana nikiziruka hakuna kitakachobaki. Mnaokula muda huu malizeni kwanza, mtaikuta hapa hapa.

Mimi ni mtu wa Singida, miaka arobaini na ushee, elimu yangu kidato cha nne. Tangu nimalize shule sijatulia. Nimekaa Kahama, nimekaa Mererani, nimekaa Chunya, Tunduma nimetengeneza pikipiki. Kila mahali nikikaa kidogo naanza kupakumbuka nilikotoka. Nikirudi huko, napakumbuka kule nilikoondoka juzi. Ndivyo nilivyoumbwa, sijui.

Tumbo lilianza Chunya. Kambini kwa wachimbaji tuliugua kuhara karibu wote, maji yalikuwa mabaya. Wenzangu walipona. Mimi kuhara kuliisha, lakini tumbo halikurudi kama zamani.

Nikila, linasokota chini ya kitovu. Linajaa gesi mpaka mkanda unabana. Nikienda chooni napata nafuu kidogo, kisha naitwa tena. Wiki nyingine hakuna kitu kabisa, choo kigumu kama cha mbuzi, halafu ghafla mlango unafunguka. Miaka ikapita hivyo.

Sasa nije kwenye safari.

Kutoka Tunduma kuja Mtwara sikupanda basi. Basi lina ratiba yake. Konda akisema mtachimba dawa, yaani kujisaidia porini, mahali fulani, ni hapo hapo, na tumbo langu halikuwa linasikiliza makonda. Kwa hiyo nilikuja kwa malori, kwa vipande. Makambako nikashuka, nikapata fuso la bidhaa za dukani hadi Songea. Songea nikapata semi la makaa ya mawe linalokwenda bandarini Mtwara. Dereva Mnyakyusa, mcheshi, nikawa namwita Mwaisa.

Lori ni zuri kwa jambo moja, ukimwomba dereva anasimama. Nilimwomba sana. Tulipovuka Tunduru akashindwa kuvumilia.

"Mzee, mimi nimebeba fundi au nimebeba mpima barabara? Kila tukitembea kidogo unashuka kuweka alama."

"Tumbo, Mwaisa."

"Tumbo gani halichoki? La kwangu likiuma siku moja tu nampigia mke wangu simu ya wosia."

Tukacheka. Lakini nilipopanda tena nikaona mkono wangu umechora alama nyeusi ya vumbi la makaa kwenye mlango, juu ya nyingine, juu ya nyingine. Nilijisikia vibaya. Barabara ile ni nzuri kuitazama, misitu, halafu baada ya Masasi mikorosho inaanza na haiishi. Mimi sikuitazama. Nilikuwa natafuta vichaka.

Karibu na geti la bandari akanishusha. "Ukipona nitafute," akasema. "Usipopona, mtume mtu aniambie."

Mpango wangu ulikuwa kuvuka Ruvuma pale Kilambo, niingie Msumbiji, nikaone huko kukoje. Hakuna sababu nyingine. Nilipanda bodaboda hadi mtoni. Boti ilikuwa inapakia watu, magunia, na baiskeli mbili. Nikaitazama ile boti, nikatazama upana wa maji, nikajiuliza: tukifika katikati tumbo likinikamata?

Kujiuliza tu, likanikamata.

Nikakaa kwenye mchanga nikawaangalia wenzangu wanaondoka. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuzuiwa na mto. Nikageuka kurudi mjini.

Njiani, kwenye kijiji kimoja, nikaona jamaa anapiga mateke mashine ya kupulizia mikorosho. Mashine yenyewe ni ya kubeba mgongoni, ina injini ndogo ya petroli na bomba refu. Nikamwambia dereva wa boda asimame.

"Ukiipiga haiwaki," nikamwambia yule jamaa.

"Najua. Lakini mimi napata nafuu."

Huyo ndiye Anastasi. Rika langu, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji zamani, yeye kazaliwa huku. Nilifungua kabureta, nikaisafisha, mashine ikawaka. Akaniangalia kama nimemfufulia ndugu. Akanipeleka kwa mwenye shamba, Bi Somoe, mama mjane wa miaka hamsini na kitu, Mwislamu, mkulima hasa. Marehemu mume wake alimwachia mikorosho mingi na mashine tatu mbovu.

"Fundi," akasema, "hizi mashine zangu zote zina kiburi. Kaa mpaka msimu uishe."

Nikakaa. Nikawa fundi na mpulizaji.

Wasioijua kazi hii niwaeleze kidogo. Mkorosho ukianza kutoa maua unashambuliwa na ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa yake ya kawaida ni salfa, unga wa njano. Unapuliziwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umelala. Jua likipanda mnaacha. Mnatoka shambani wa njano kuanzia kope mpaka viatu, macho yanawasha, koo linakwaruza. Barakoa tulikuwa hatuna, tulijifunga vitambaa.

Na huku salfa ina sheria yake. Aliyepulizia lazima anywe maziwa. Ya kukata sumu. Mwenye shamba asiyetoa maziwa anasemwa kijiji kizima kuwa anaua watu. Mimi sikushangaa, kwa sababu Kahama wapaka rangi wanaamini hivyo hivyo, na wabeba saruji pia.

Bi Somoe alikuwa mtu wa haki. Maziwa huku si rahisi, ng'ombe ni wachache, lakini kuna wafugaji wamehamia na mifugo yao, basi alikuwa anaagiza kwao kila siku ya kupulizia. Anayachemsha mwenyewe. Tukishanawa, kila mtu kikombe kikubwa cha bati, kimejaa.

Anastasi hakuwa anakunywa. "Maziwa ni ya ndama. Mimi mama alishaniachisha." Cha kwake ananisogezea.

Nami nilikuwa nakunywa vyote viwili, wakuu. Kwanza ni dawa. Pili, yalikuwa yananirudisha nyumbani. Singida tumekulia kwenye maziwa. Nikiweka kikombe mdomoni naliona boma la babu.

Haupiti muda mrefu, tumbo linaanza kunguruma kama ile mashine. Nilijua sababu: salfa. Salfa imeingia. Kwa hiyo kesho yake nafanya nini? Naomba maziwa yaongezwe.

Mnanielewa? Nilikuwa naongeza.

Na shamba la korosho halina pa kujificha. Watu wa huku wanafyeka na kufagia chini ya mikorosho mpaka panang'aa kama ukumbi, ili korosho zikidondoka zionekane. Unasimama katikati ya shamba, umeshika tumbo, unaona mtu aliye mbali kabisa, na yeye anakuona. Choo kiko nyumbani. Nilikuwa nakimbia na mashine mgongoni. Anastasi ananipigia kelele, "Fundi, salfa inapuliziwa juu, siyo barabarani!"

Nilitibiwa sana. Nisiwadanganye kuwa nilikaa tu. Duka la dawa moja waliniambia taifodi. Lingine amiba. Flagyl nimekunywa mpaka ulimi ukawa na ladha ya msumari. Nikimaliza dozi napata siku chache nzuri, halafu mchezo ule ule. Mzee mmoja alinipapasa akasema ni ngiri, akanipa mizizi ya kuchemsha. Ile ilinipeleka chooni kwa kasi ambayo sikuwa nayo hata mwanzo.

Kisha nikafanya kosa wanalofanya wengi wetu humu. Niliingia google. Ukiandika tumbo, google inakujibu saratani. Nikaanza kujihesabu mfu. Sikumwambia mtu.

Nikaacha kula mbele za watu. Kwenye misiba na maulidi nakaa karibu na njia. Asubuhi sili kabisa ili niweze kufanya kazi, halafu jioni njaa imenizidi, nakula ugali wa muhogo na kunde sahani ya watu wawili, kwa haraka, kama naiba. Bi Somoe alikuwa ananiangalia.

"Huyu ntu anakula kama anakimbizwa," alimwambia Anastasi. Huku wengi "mtu" wanaitamka hivyo.

"Anakimbizwa kweli," Anastasi akajibu. "Muulize na anakokimbilia."

Msimu uliisha, nikabaki kutengeneza mashine za watu. Ukaja mwingine, nikapulizia tena. Katika msimu ule wa pili dada yangu Neema akapiga simu kutoka Singida.

"Kaka, mama macho yanaingia ukungu. Anasema uje akuone, kabla hajaanza kukutambua kwa sauti."

Wakuu, mimi nilikuwa sijamwona mama kwa miaka mingi. Huwa nasema mwakani. Safari hii nilisema wiki hii hii.

Ila kutoka Mtwara hadi Dar ni basi la kutwa, na kutoka Dar hadi Singida kutwa nyingine. Sasa sikilizeni akili yangu. Niliamua kufunga kula kabla ya safari. Ugali hapana, mboga hapana, wali hapana. Nitakunywa maziwa tu, maana maziwa si chakula, ni dawa, na yatanipa nguvu. Bi Somoe akaniagizia maziwa, akajaza chupa nzima ya chai ya lita nyingi.

Niliagana na watu. Nikapanda basi alfajiri, nimevaa shati jipya.

Hatukufika Mikindani.

Sitaeleza yote. Nilimwita konda, konda akasema subiri. Nikamwita tena, akanitazama usoni, akampigia dereva kelele asimame. Nilishuka na begi langu, na sikupanda tena, kwa sababu nisingeweza kurudi kukaa na watu. Mama mmoja dirishani alinirushia khanga yake. Basi likaondoka.

Nilijifunga ile khanga nikatafuta bajaji. Dereva wa bajaji naye, Mungu ambariki, alizungumzia mpira njia nzima.

Neema alipopiga kuuliza nimefika wapi, nikamwambia gari limeharibika. Nikamsikia anamwambia mama. Mama akasema, "Basi asihangaike."

Neno lile lilinimaliza.

Nilipoingia uani, Anastasi aliniona nimejifunga khanga ya maua. Akafungua mdomo kucheka, halafu akaufunga. Yeye ndiye aliyekwenda kumwita Bi Somoe. Nikawaambia vyote, mpaka hofu ya saratani. Bi Somoe alinisikiliza amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Kwa hiyo unakufa hapa kwangu kimya kimya, halafu nikawaambie nini watu wa kwenu? Kesho hospitali. Naenda na wewe."

Hospitali ya mjini tulimkuta daktari, dada mdogo kwa umri. Niliingia nikitegemea dozi ya taifodi. Badala yake akaweka kalamu chini akaanza kuuliza. Umewahi kuona damu kwenye choo? Unapungua uzito? Unapata homa? Unaamshwa usingizini na kuhara? Kwenu kuna aliyeumwa saratani ya utumbo? Yote hapana. Maumivu yanapungua ukishajisaidia? Ndiyo. Yanazidi ukiwa na wasiwasi? Ndiyo, mno.

Akanipima choo, damu, VVU, na ultrasound. Tukasubiri nje, Bi Somoe anavuta tasbihi yake. Majibu yakatoka. Kila kitu safi.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika.

"Daktari, miaka yote hii nateseka, unaniambia hakuna kitu?"

"Sijasema huumwi, baba. Nimesema utumbo wako haujaharibika. Ila unafanya kazi vibaya. Huo ugonjwa una jina, unaitwa irritable bowel syndrome. IBS. Utumbo unakuwa mwepesi kushtuka. Chakula kidogo unashtuka, wasiwasi kidogo unashtuka. Mara nyingi unaanza baada ya kuhara kukali kama kule kwako Chunya. Unasumbua kweli, lakini haugeuki kuwa saratani na hauui."

Nilimwomba arudie hiyo sentensi ya mwisho. Akarudia.

Nililielewa kifundi. Kuna mashine unaifungua yote hukuti kipande kilichovunjika, lakini inawaka vibaya, inakohoa, inazima. Tatizo ni mpangilio tu. Unarekebisha kidogo hapa, kidogo pale.

Kisha akasema, "Nielezee siku yako ya kazi. Kila kinachoingia mdomoni."

Nikaeleza. Asubuhi sili. Jioni ugali wa muhogo, kunde, kisamvu, samaki. Msimu wake mabibo, yale matunda ya mkorosho. Chai ya rangi. Nikamaliza.

Bi Somoe akauliza, "Na maziwa?"

"Dada, anauliza chakula," nikamjibu. "Maziwa si dawa ya salfa?"

Daktari akatutazama mmoja mmoja. "Maziwa kiasi gani?"

"Kikombe changu," nikasema, "na cha Anastasi."

"Anastasi ni nani?"

"Hanywi maziwa."

Alijitahidi asicheke, lakini hakuweza. Kisha akatueleza taratibu. Maziwa hayaoshi salfa mwilini. Kinachosaidia ni barakoa, miwani, nguo ndefu, kuoga na kubadilisha nguo. Halafu kuna sukari ndani ya maziwa ambayo watu wazima wengi matumbo yao hayawezi tena kuisaga. Inachacha humo ndani, inatoa gesi, inavuta maji. Kwa tumbo la kawaida ni kero. Kwa tumbo lenye IBS ni kumwaga petroli kwenye moto.

"Lakini daktari," nikabisha, "mimi nimekulia kwenye maziwa!"

"Maziwa gani? Mabichi, ya kuchemsha, au mgando?"

"Mgando," nikakiri. Nyumbani tulikuwa tunakunywa mgando, wakuu. Ya kwenye kibuyu. Maziwa fresh yalikuwa ya watoto wachanga na chai ya wageni.

"Mgando sukari yake imeshapungua," akasema. "Wengi unawakubali. Hebu acha maziwa kabisa kwa majuma machache, uone. Baadaye utajaribu mgando kidogo kidogo."

Akanipa na dawa ya kutuliza msokoto, ya kumeza pale linapobana tu. Akaniagiza nile kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, nisikae na njaa halafu nikajishindilia, nipunguze kunde na vitunguu, nitafune taratibu. Na nikiona hata moja kati ya zile dalili alizoniuliza mwanzo nirudi haraka, kwa umri wangu nipimwe utumbo kwa kamera.

Tukarudi kijijini. Tumekaa kwenye bajaji, anatazama nje. Tulipokaribia ndipo akasema.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakuua. Kwa mkono wangu, kila asubuhi, na sufuria nasugua."

"Dada, wewe ulikuwa unaniponya. Sote tulijua hivyo."

Akafikiri. "Kikombe cha kwako nakubali, kosa langu. Lakini cha Anastasi hukupewa na mimi."

Tukacheka mpaka dereva akageuka.

Nikaacha maziwa. Sitawaambia nilipona siku ya pili, hiyo ni ya wauza dawa wa mitandaoni. Lakini gesi ilianza kushuka. Kukimbia kukapungua sana. Halafu nikaona kilichobaki: siku nikiwa na wasiwasi, au nikikaa na njaa mpaka jioni, msokoto unarudi hata bila tone la maziwa. Hapo ndipo nilielewa kwamba maziwa yalikuwa petroli, lakini moto wenyewe ni ile IBS, na huo naishi nao.

Basi nikajifunza kuishi nao. Asubuhi nakula uji kidogo kabla ya kazi. Ndizi mbivu nimeipatia, wali naupatia, samaki pia, viazi vitamu kiasi. Kunde naonja. Mabibo nimeyaacha na roho inaniuma. Ya kwangu si lazima yawe ya kwako, kila tumbo lina adui zake. Ukitoa kitu, toa kimoja kimoja, la sivyo hutajua mchawi ni nani, na utabaki unakula hewa.

Na hofu. Hii wengi wanaidharau. Daktari alisema ubongo na utumbo vina simu ya moja kwa moja. Mimi nilikuwa naogopa basi, hofu inashuka tumboni, tumbo linaniharibikia, naogopa zaidi. Dawa yake akaniambia ni kurudi kwenye safari kidogo kidogo, huku navuta pumzi polepole kwa tumbo. Nikaanza na bajaji hadi mjini. Kisha basi dogo hadi Mikindani, nikapita pale pale niliposhushwa, nikafumba macho nikapumua. Kisha Lindi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Watu wakawa wanauliza nimekwenda kufanya nini Lindi. Nimekwenda kukaa kwenye gari.

Siku moja Anastasi akaniambia shangazi yake ng'ambo ana arobaini ya msiba, twende.

"Ng'ambo kwa boti?"

"Hapana, kwa kuruka. Twende bwana, nikiona unageuka rangi nitakusukuma majini, hakuna atakayejua."

Tukajiandikisha uhamiaji, tukapanda. Boti ilipofika katikati nikalisikiliza tumbo. Lilikuwepo, lilinung'unika, likatulia. Nikainua kichwa. Nikaanza kuona: maji ya kahawia, kingo za mchanga, wanawake wanaoga mbali, mwanga. Nilikuwa nimekaa jirani na mto ule misimu miwili bila kuutazama.

Kule tulikula, tukalala, watu wakaniimbia Kimakonde nikaitikia nisichokijua. Asubuhi barabara ilikuwa mbele yangu, inaendelea kusini. Zamani ningeifuata bila kuaga. Niliitazama, na nikashangaa kuona sina hamu nayo. Nilikuwa nataka kwenda Singida.

Tuliporudi nikamwambia Bi Somoe naondoka, na sirudi kufanya kazi huku tena. Alinung'unika juu ya mashine. Nikamwonyesha Anastasi jinsi ya kusafisha kabureta, akaapa hatazipiga mateke, sikumwamini. Wapulizaji wote wakawa na barakoa na miwani, Bi Somoe alinunua mwenyewe. Maziwa wanaoyapenda wanapewa bado, ila sasa yanaitwa chai ya asubuhi.

Siku ya kuondoka walinisindikiza wote wawili stendi. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Anastasi akanunua chapati na samaki wa kukaanga akaniwekea mkononi, halafu akasimama kunitazama, na Bi Somoe naye, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Nikala. Taratibu, natafuna. Nikamaliza chapati nikaomba nyingine.

"Basi sasa, fundi," Bi Somoe akasema, "usije ukamaliza stendi." Akageuka upande wa pili kurekebisha ushungi wake, na alichukua muda mrefu kuurekebisha.

Nikapanda. Siti yangu ilikuwa ya dirishani, nyuma, mbali na mlango. Injini ikawashwa. Nikampigia Neema, nikamwambia nimo ndani ya gari, mpe mama.

"Baba, umekula?" mama akauliza.

"Nimekula, mama. Nimeshiba."

Gari likatoka.

Hayo ndiyo ya kwangu. Kwa wenye tumbo kama hili: msijitibu taifodi kila mwezi, nendeni mkapimwe mara moja vizuri, na mkiulizwa mnakula nini, tajeni pia vile mnavyoviita dawa. Wenye damu kwenye choo, wanaokonda, wanaoamshwa na tumbo usingizini, ninyi msisome uzi, nendeni hospitali leo.

Wengine karibuni tuzungumze. Waliozoea kunywa maziwa baada ya rangi, saruji au salfa, tumbo likoje? Aliyepatia chakula kisichomsumbua, atuambie. Humu hakuna anayejua jina lako. Na wewe unayesoma hii ukiwa umejifungia chooni na simu mkononi, najua upo. Andika tu, tunakusubiri.